Sebule Kwenye Shamba la Nduma

Mjukuu wangu Kaari ni muuguzi huko Kanada. Miaka yote amekuwa akiweka akiba anunue shamba huku Embu ajenge, na siku hiyo alikuwa tayari kutuma arubuni. Kabla ya kutuma akanipigia simu ya video, nikiwa katika shamba lenyewe karibu na mto, pamoja na mwenye shamba, Ndambiri.

"Cucu, nionyeshe sebule itakapokaa," akaniambia mimi bibi yake.

Nikageuza simu. Udongo ulikuwa mweusi, umelimwa vizuri, hakuna hata jani.

"Hapa hata ghorofa inakaa, madam," Ndambiri akadakia. "Udongo umeshikana kama saruji."

Mkewe, Beth, akaja na chupa ya chai na sufuria ya nduma, magimbi ya kuchemsha. Alinitandikia gunia nikae, kisha akanimenyea nduma moja moja, maana aliona vidole vyangu havishiki kisu vizuri siku hizi. Nikala ya pili, nikala ya tatu.

"Beth, mwanangu, hizi umezitoa wapi? Sokoni hakuna tamu hivi."

"Si ni hapa hapa, cucu! Jana tulizing'oa zote. Mzee alisema tuzitupe kabla hujafika. Sasa mimi nitatupaje chakula?"

Ndambiri akapaliwa na chai.

Kila mtu wa huku anajua nduma hupenda kulowa miguu. Na penye majimaji kando ya mto, kaunti haikupi kibali cha kujenga. Chifu ametuimbia hayo barazani mpaka tumechoka. Ila Kaari amekulia Nairobi, ikabidi nimweleze.

"Lakini cucu, wakili amesema hati iko safi."

"Hati ni safi, mama. Lakini haijawahi kukanyaga hapa." Nikamgeukia Ndambiri kwa upole. "Baba, hebu simama pale penye sebule, Kaari akuone vizuri. Mbele kidogo. Kidogo tena."

Alijua ninachofanya. Lakini angemkataliaje mwanamke wa umri wangu, mbele ya mkewe? Akasogea. Gambuti la kulia, buti lake la mpira, likazama. Akavuta, mguu ukatoka, gambuti likabaki.

"Cucu!" Kaari alipiga kelele kwa kicheko. "Sebule inamla mwenye shamba!"

Beth akajificha uso kwa leso, mabega yakimtetemeka. Mwishowe Ndambiri naye akacheka, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Nisamehe, cucu. Kipande kikavu ni kile cha juu, karibu na barabara. Nilitaka kubaki nacho."

"Basi nitume ya hicho cha juu?" Kaari akauliza.

"Usitume kitu. Afisa wa mipango aje kwanza, akanyage kwa miguu yake, aseme kama panajengeka."

Kaari akakubali. Tukaanza kupanda, Ndambiri amenishika mkono, mguu mmoja peku, na safari hii alinichagulia pakavu pa kukanyaga.