Ng'ombe Kumi na Mmoja Ndani ya Injini

Novatus hakuinunua ile injini kwa fedha ya pamba. Aliinunua kwa ng'ombe kumi na mmoja wa mahari ya dada yake Benedikta, na mji mzima wa Bariadi ulijua, kwa sababu mwenyewe alikuwa akitamba nayo kila kijiwe.

Ushirika wa pamba ulipokufa na karakana yake kufungwa, mafundi wenzake walirudi vijijini kulima. Yeye alibaki na bodi la Landrova lililokataliwa hata na wanunuzi wa vyuma chakavu. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, kila mmoja na mizani yake, na gari lolote lililoweza kutembea lilikuwa na kazi. Novatus akauza ng'ombe, akaenda Mwanza, akarudi na injini ya dizeli iliyong'olewa kwenye pikapu ya Kijapani. Akaipachika kwa kukata na kuchomelea. Ilikuwa ndefu mno, boneti likagoma kufunga, na bomba la kuvutia hewa likakosa pa kupita juu. Akalishusha chini, likawa linachungulia pembeni mwa bampa kama pua ya nguruwe.

Mzee Selestini, aliyemfundisha kushika spana, aliinama akalitazama. Akamwambia alipandishe hadi usawa wa paa, maana mito ya huku ikijaa haimsubiri mtu. Novatus akamjibu kwamba hewa ya chini ni ya baridi, na injini ikivuta hewa ya baridi hupata nguvu. Hayo ni mambo ya siku hizi, wazee wa ushirika hawawezi kuyajua. Mzee akajipangusa mikono, akashika baiskeli yake, akaenda.

Kiangazi chote Novatus alionekana mkweli. Hakuna gari lililomgusa katika barabara ya Nkoma. Hashimu, mnunuzi mwenye ghala kubwa mjini, akampa njia ile yote peke yake, kwa makubaliano kwamba atamlipa kwa mkupuo msimu ukifungwa na pamba yote ikiwa ghalani.

Mwezi wa nane Benedikta alirudi nyumbani kutoka Sola alikoolewa, kwa miguu, taya limevimba. Siku mbili baadaye mumewe Dastan akafika. Hakuja kuomba radhi. Alikuja kuulizia ng'ombe wake. Desturi ilikuwa wazi: mke akirudi kwao, mahari nayo inarudi, na mahari isiporudi, basi anayerudi kwa mumewe ni mke. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakampa Novatus muda hadi msimu wa pamba ufungwe. Aliapa mbele yao kwamba ile injini itawazaa ng'ombe wote kumi na mmoja. Benedikta alikuwa jikoni, akasikia. Jioni ile alikula ugali kwa mara ya kwanza tangu afike.

Mzigo wa mwisho ulikuwa magunia ya pamba kutoka Nkoma, Oktoba, na mvua ilikuwa imewahi. Benedikta alikaa kiti cha mbele, akitoka kumsalimia shangazi yao. Walipofika mtoni wakakuta mchanga wote umefunikwa, maji mekundu yanakwenda kasi. Zamani ushirika ulileta greda hapo kila mwaka, kwa makato ya mkulima. Siku hizi wanunuzi walikuwa kumi na mtengeneza barabara hakuna.

Ng'ambo, malori mawili matupu yalikuwa yamesimama, madereva wamekaa kwenye kivuli cha magurudumu wakitafuna muwa. Mmoja akapaza sauti.

"Fundi, hiyo ni Landrova au kiboko?"

"Njoo nikubebe mgongoni, uone," Novatus akajibu.

Benedikta akamwambia wangoje. Mto wa mchanga hujaa haraka na hupungua haraka. Saa mbili tu, na msimu ulikuwa na siku tatu mbele. Alisema kwa upole, kama mtu anayejua kwamba kilichopakiwa kwenye gari lile si pamba peke yake. Novatus aliyaona yale malori, akaiona ile miwa midomoni mwao. Akatia gia. Hata mkanda wa feni hakuufungua, jambo ambalo kila dereva wa huku hulifanya kabla ya kuingia majini.

Katikati ya mto feni ilianza kurusha maji. Bomba likanywa. Injini ikagonga mara moja, ikanyamaza.

Alijua la kufanya, tena vizuri kuliko wote waliokuwa pale. Maji hayabanwi kama hewa. Yakikaa juu ya pistoni, injini haiwashwi. Unafungua nozeli zote za kupulizia dizeli, unaizungusha kwa mkono, unayatapisha. Ni kazi ya saa chache, na injini hupona.

Mzee mmoja akaja na ng'ombe wake sita wa plau, akafunga mnyororo kwenye bampa, akaanza kuwapigia mluzi. Landrova ikasogea. Wale madereva wakasimama ili waone vizuri, na mmoja akamuuliza mzee huyo ng'ombe wa saba anaitwaje. Wakacheka, hata mzee akacheka.

Novatus akaona atafika ukingoni akikokotwa kama jembe, mbele ya watu aliowatimulia vumbi kiangazi kizima. Akatia gia ya pili, ili injini iwake kwa mwendo wa kuvutwa.

"Kaka, acha," Benedikta alisema.

Akaachia klachi. Chuma kilipasuka kwa mlio mmoja mzito, ng'ombe wakaruka, na mafuta meusi yakaanza kutiririka juu ya maji.

Kesho yake mzee Selestini alikuja, akapitisha vidole viwili kwenye tundu la ubavu wa injini, akagusa chuma cha pistoni kilichopinda na kutokeza nje. Hakumkumbusha lolote. Alisema tu kwamba hiyo haichomelewi. Hashimu naye alituma lori kuchukua magunia. Aliyoloa akayakataa, akakata gharama ya lori na hasara ya pamba kwenye malipo ya Novatus, na kilichobaki kisingenunua hata ndama.

Siku ya tatu Dastan alifika na baiskeli. Wazee hawakuwa na maneno mengi. Walimuuliza Novatus kama ng'ombe wapo, akasema hawapo, wakamwita Benedikta. Alitoka na kifurushi chake kikiwa tayari kimefungwa. Novatus akamfuata hadi uani, akaanza kusema kwamba mwakani atatafuta injini nyingine, kwamba Mwanza kuna mtu anamfahamu.

"Usiseme kitu," Benedikta akamwambia. "Ulishasema yote pale mtoni."

Alipokaa kwenye keria ya baiskeli, gurudumu la nyuma lilibonyea hadi kwenye rimu. Dastan akalitazama, kisha akamgeukia Novatus kwa adabu zote, akamuomba, kwa kuwa yeye ndiye fundi, awajazie upepo, njia ya Sola ni ndefu.

Novatus akaingia ndani, akatoka na pampu. Akapiga magoti nyuma ya miguu ya dada yake, akapampu, mpaka gurudumu likawa gumu.