Barua ya Kujieleza Kuhusu Maua

Agnella alipewa hadi Ijumaa saa sita mchana aeleze kwa maandishi kwa nini asihamishiwe Uchindile, kituo cha mbali porini. Kosa lake lilitajwa kwa sentensi moja: "Kuingiza kirusi katika kompyuta ya mradi na kusababisha kupotea kwa takwimu za mpunga za misimu mitatu." Mzee Polikarpo, mkuu wa mradi hapo Ifakara, alikuwa ameipigia mstari kwa rula.

Kuingiza kweli aliingiza. Agnella hakuwa mtu wa kubishana na ukweli. Alikuwa karani wa masijala kwa miaka kumi na miwili, na masijala ina sheria zake: barua hailali bila kufunguliwa, na inayohusu wote hupelekewa wote. Mwaka huo wa 1999, barua pepe ilipoletwa, hakuna aliyemwambia kwamba sheria zimebadilika. Basi Jumatatu moja, wiki mbili kabla ya Pasaka, ilipoingia barua ya profesa fulani wa Dar es Salaam yenye kichwa "Salamu za Pasaka kwa wote", aliifungua saa tatu asubuhi. Maua yalichanua kwenye kioo, mekundu na ya manjano, yakacheza, yakapotea. Agnella akaona ni salamu za mtu mwenye adabu. Akapeleka nakala kwenye ofisi kumi na moja, kisha akaandika katika rejista: Imeshughulikiwa.

"Umekieneza hicho kirusi kuliko kipindupindu," alisema Mashimba, dereva wa mradi, Jumatano walipokuwa garini.

"Profesa ndiye aliyeniletea."

"Na profesa kaletewa na nani?"

"Na mwingine, naye na mwingine. Mwisho wao yuko mtu aliyekaa kitako akakitengeneza makusudi."

"Basi huyo ndiye aende Uchindile."

"Hana anwani."

"Dada Agnella, kwetu sisi Wasukuma ng'ombe akila mpunga wa mtu, hashtakiwi ng'ombe. Anaulizwa mchungaji."

"Kwenu haulizwi mtu, Mashimba. Baraza likija kukaa, mmeshahamia ng'ambo ya mto."

Mashimba alicheka hadi akapunguza mwendo.

Alhamisi alifika fundi kutoka Morogoro, jina lake Valeriani. Alikaa mbele ya mashine muda mrefu, akaomba chai, akaimaliza, ndipo akasema.

"Hiki ukikifungua mara ya kwanza kinaonyesha maua tu. Mara ya pili kinafuta. Hapa kimefunguliwa mara mbili: Jumatatu saa tatu asubuhi, na Jumatatu hiyohiyo saa nane na robo mchana."

Saa nane na robo Agnella alikuwa posta na Mashimba, wakisubiri mfuko wa barua. Chumba cha kompyuta kilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa kwenye mkoba wake. Wa pili ulikaa mfukoni mwa Mzee Polikarpo, ambaye saa sita ya siku ile alisimama mlangoni na kuuliza, kama mtu asiyejali, hayo maua wanayoyasema yakoje.

"Mwandike," alisema Mashimba. "Au unaogopa?"

"Naogopa sana. Sasa nipishe niandike."

Ijumaa saa tano alibisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Barua ilikuwa na aya nne. Ya kwanza ilisema kwamba aliyetengeneza kirusi alikusudia hasara, na kosa kubwa ni lake. Ya pili, kwamba profesa alipeleka asichokijua. Ya tatu: "Mimi nami nilifungua nisichokijua nikakisambaza. Hilo ni langu, na ofisi zote kumi na moja nimezipigia simu kuzionya." Ya nne: "Kwa heshima, takwimu hazikufutwa saa tatu asubuhi. Zilifutwa saa nane na robo mchana, karani akiwa posta. Ufunguo wa pili hutunzwa na mkuu wa mradi."

Mzee Polikarpo alisoma akiwa ameshika kalamu nyekundu. Alipofika aya ya nne alirudi nyuma, akaisoma tena.

"Hapa pana kosa."

"Wapi, mzee?"

"Saa nane na robo. Saa ya kompyuta iko nyuma dakika tano, nimewaambia tangu Januari. Saa nane na robo nilikuwa bado namalizia wali."

Akakata neno "robo", akaandika juu yake "dakika ishirini", akatia sahihi pembeni kama inavyotakiwa mtu anaposahihisha hati. Ndipo kalamu ikabaki hewani.

Agnella aligeukia dirisha. Adabu ilimkataza kucheka.

"Yalikuwa maua mazuri," Mzee Polikarpo alisema hatimaye.

"Mazuri sana, mzee."

Akaivuta barua ya uhamisho kutoka kwenye jalada, akaichana vipande vinne. Kisha akamwita Mashimba, akamtuma kijiji cha Mngeta akalete madaftari ya shambani, yale ambayo wapima mavuno huandika kwa penseli wakiwa wamesimama kwenye tope.

Jumatatu iliyofuata mlango wa chumba cha kompyuta ulifungwa kwa ndani. Agnella alisoma takwimu kutoka madaftarini, mkuu alibonyeza kwa kidole kimoja.

"Ploti ya nne, kilo ishirini na saba."

"Polepole, mama. Saba wameiweka wapi?"