Tundu Moja Katika Ngozi ya Choroa

Ngozi ya choroa aliyemuua kaka yake ilikuwa na tundu moja tu.

Kisu, mchuna ngozi, aliikunjua juu ya meza ya saruji, akaisugua kwa chumvi, akaigeuza, akaitazama kwa upande wa manyoya na kwa upande wa nyama. Tundu moja, nyuma ya bega la kushoto, pana kiasi cha kupitisha kidole gumba. Ndivyo zilivyopiga risasi za bunduki ile: butu puani, nzito, zikiingia hazijifichi. Akapapasa shingo. Akapapasa mbavu. Hakuna lingine.

Na bado mwenye bunduki alikuwa amesimama makaburini, kofia mkononi, akasema mbele ya watu wote: "Nilimpiga moja akaanguka, nikamwongeza mbili. Nikasema tungoje. Marehemu hakungoja. Mungu amrehemu, alikuwa na pupa."

Neno lile lilishika kama kupe. Kufika jioni dereva wa mwenye bunduki alikuwa keshaliremba kwa methali, eti mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mama aliyasikia akiwa mkekani, akajifunika kanga usoni.

Mwenye bunduki watu walimwita Risasi Moja. Alikuwa mwindaji mwenye leseni, mtu mzima wa makamo, mwenye shati la mifuko minne lililopigwa pasi hata porini. Aliwinda nyumbu, kongoni na choroa kwa kibali, nyama ikaenda buchani, ngozi zikabaki kwenye banda lake, ambamo Kisu alichuna na kutia chumvi. Jina la Risasi Moja lilitokana na ngozi zenyewe: kila moja ilikuja na tundu moja. Wengine wakirudi na ngozi kama chekeche, yeye alirudi na moja safi, na pengine alama ya kisu chini ya koo, ambayo Kisu aliijua vizuri, kwa kuwa ilikuwa alama ya mkono wa kaka yake. Kaka mtu ndiye aliyekuwa mfuata nyayo. Ndiye pia aliyemwombea mdogo wake kazi ya bandani.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya wenzo, ya kizamani, urithi wa baba yake Risasi Moja. Chini ya mtambo ilikuwa na chuma kilichopinda kama sikio la kikombe, ndio wenzo wenyewe. Ukishapiga, unakisukuma mbele na kukirudisha, kacha! Ganda tupu linaruka nje, risasi mpya inapanda. Ukiijaza ilikula saba.

Kisu alikunja ngozi. Tundu moja, basi mbili zilikosa. Hata fundi hukosa. Angeweza kuishia hapo, kama si nguo.

Nguo za marehemu zilirudi kwenye mfuko wa plastiki. Mama alizifua mwenyewe, mara tatu, hakutaka msaada wa mtu. Lakini kabla ya kuzitumbukiza alipekua mifuko kama alivyofanya tangu wanawe wangali wanafunzi. Akamwita Kisu uani.

"Hivi ni vitu gani, baba?"

Kwenye kiganja chake kulikuwa na ganda moja tupu na risasi mbili nzima. Kisu alizigeuza. Ganda lilikuwa na kijishimo kitakoni, pale pini inapogonga. Zile mbili zilikuwa laini, hazijaguswa.

"Kaka aliokota maganda porini, mama. Ndiyo ilikuwa kazi yake."

"Ganda nimeelewa. Hizi nzima je?"

Kisu alizigeuza tena. Mama akaenda chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. "Lilikuwa uvunguni mwa kitanda chake. Nilikuwa nafagia."

Kopo lilikuwa zito. Alipolifungua aliona risasi, nzima zote, zimepangwa vichwa juu kama vijiti kwenye kiberiti. Hakuna hata moja iliyogongwa.

Wakatazamana.

"Mwanangu hakuwa mwizi," mama akasema.

"Mama, risasi hazioti uvunguni."

"Nimekwambia hakuwa mwizi. Alificha aibu za watu, si zake. Wewe ulipovunja mtungi wangu, nani alichapwa?"

"Yeye."

"Na alipokuwa anachapwa alifanya nini?"

"Alipiga mluzi."

"Basi." Akafunika kopo.

Lakini Kisu hakutulizwa na hilo "basi" la mama. Mashaka ni kama unyevu kwenye ngozi: usipoyatoa mapema, yanaoza na kunuka. Alimshuku kaka yake kwamba aliiba risasi na kuwauzia majangili. Kisha akamshuku Risasi Moja kwamba aligundua wizi, akaona choroa aliyejeruhiwa ni hakimu wa bei nafuu. Kumpeleka mtu mbele ya pembe mbili zilizonyooka kama nondo, halafu kusema alikuwa na pupa! Dereva alikuwa garini siku ile, redio inaimba, hakuhesabu milio. Walikuwa wawili tu, na mmoja hasemi tena.

Ndipo Risasi Moja akaja bandani, akasimama mlangoni kukwepa harufu.

"Kisu, sina mfuata nyayo. Kaka yako alikufundisha?"

"Kiasi."

"Utatangulia mbele yangu Jumamosi?"

Kutangulia mbele yake. Mfuata nyayo hutembea mbele, macho chini, na bunduki iko nyuma ya mgongo wake. Kisu aliendelea kunoa. Aliyatazama macho ya yule mtu, akaona yanakimbilia kwenye ile ngozi iliyokunjwa pembeni, yanarudi haraka.

"Nitatangulia," akasema.

Jumamosi waliondoka alfajiri. Dereva alikuwa mcheshi kupita kiasi, kama watu wanavyokuwa na wafiwa.

"Leo mchuna ngozi anakwenda kuwaona wateja wake wakiwa hai! Usiwaogope, Kisu, hawakujui kwa sura."

"Wewe endesha," Kisu akasema.

"Naendesha, mwanangu, naendesha. Ila ukiambiwa ngoja, ngoja. Unajua tena."

Risasi Moja alitazama nje ya dirisha.

Waliacha gari chini ya kilima, wakaingia kwenye nyasi ndefu za rangi ya simba. Kisu alitangulia. Kundi la nyumbu lilikuwa limepita. Samadi ilikuwa bado laini, kwato zimekata udongo kama visu butu. Alijaribu kuzisoma kama alivyofundishwa, lakini nusu ya akili yake ilikuwa mgongoni. Alihisi mtutu pale katikati ya mabega kama mtu anavyohisi nzi kabla hajatua. Kila unyasi ulipovunjika nyuma yake, alihesabu: mguu wake, au kidole chake kwenye kifyatulio?

"Polepole," Risasi Moja akanong'ona. "Kaka yako hakuwa anageuka geuka hivyo."

"Labda angegeuka angekuwa hai, bwana."

Hatua za nyuma yake zikasimama. Kisha: "Unasemaje?"

"Nasema upepo umegeuka."

Dume lilikuwa limesimama peke yake kando ya kichaka, hatua kama themanini, likipiga mkia. Kisu alichuchumaa, akasogea pembeni, akakaa pale ambapo angeona vyote viwili: mnyama na mtu. Alikuwa amejiapia hivyo. Leo hatamtazama mnyama.

Risasi Moja alipiga goti. Uso ulitulia, pumzi ikatoka nusu, mlio ukapasua asubuhi. Ilikuwa shabaha nzuri. Kwa hilo jina lake hakupewa bure. Nyumbu alianguka upande.

Halafu akainuka.

Aliinuka kwa magoti ya mbele, akatikisa kichwa, akawaona. Akaja. Hakuja kwa mbio sana, alikuja kama mlevi anayejua nyumba anayoitafuta.

Kisu alimtazama mtu. Na alichokiona hakukitegemea. Risasi Moja alikuwa amesimama, macho yamemtoka, midomo imekauka na kuwa myeupe. Mkono wake ulikuwa ukisukuma wenzo. Kacha! Ganda tupu likaruka. Kacha! Kacha! Kacha! Vitu vya njano viliruka kutoka kwenye mtambo, vikang'aa juani, vikazama nyasini. Na hapakuwa na mlio. Kidole chake kilikuwa kimenyooka kando ya mtambo, kigumu kama kijiti, hakigusi kitu. Lakini kila wenzo uliporudi, bega lake lilirudi nyuma kama la mtu aliyepigwa teke na bunduki.

Alikuwa anapiga. Moyoni mwake alikuwa anapiga.

Nyumbu alikuwa hatua ishirini. Kisu alikumbuka mluzi, akakumbuka alama za kisu chini ya koo kwenye ngozi nyingi kiasi kile, akaelewa yote kwa pamoja, kama mlango unaosukumwa na mtu wa upande wa pili.

"Kidole, bwana!" akapiga kelele. "Kidole! Vuta kidole!"

Risasi Moja alishtuka kama aliyeamshwa. Kidole kikapinda. Mlio. Nyumbu alipiga magoti hatua kumi mbele yao, akalaza kidevu chini.

Kisha Risasi Moja akajifuta jasho, na sauti yake ya siku zote ikarudi, ile ya shati lenye pasi.

"Umeona? Nne nyingine nimemwongeza. Dume gumu hili."

Kisu alipiga magoti nyasini, akapapasa. Akapata ganda tupu. Akapata risasi nzima moja, ya pili, ya tatu, bado zina baridi ya asubuhi. Akaziweka kwenye kiganja, akakinyoosha.

"Hizi hazijapigwa, bwana."

"Zimenidondoka mfukoni."

"Mfuko wako una kifungo. Na kimefungwa."

Risasi Moja aliichukua moja, akaigeuza, akatazama kitako chake laini. Akachukua ya pili. Alizitazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua isiyo yake na kukuta jina lake ndani. Kisha akazirudisha kiganjani mwa Kisu.

"Kaka aliziokota miaka yote hiyo," Kisu akasema. "Ziko nyumbani, kopo zima. Ulikuwa unampiga mnyama moja, kaka anakwenda kummalizia kwa kisu. Wewe ukidhani ni risasi zako. Siku ya choroa pia. Mfukoni mwake kulikuwa na mbili kama hizi."

"Alikuwa ananiambia, 'Bwana, kaa hapa, nikuokotee maganda, kisha nikamtazame mnyama.'" Sauti ilikuwa ndogo. "Lakini siku ile nilisikia milio. Niliisikia, Kisu!"

"Hukuisikia."

Kisha ikaja ile nukta ambayo Kisu hakuisahau. Risasi Moja alitazama kilima, ambako gari halikuonekana. Akatazama bonde tupu. Akamtazama Kisu.

"Utamwambia nani?"

Mkono wake ulikuwa kwenye wenzo. Kisu alihesabu, maana kuhesabu ndiko pekee kulikobaki: saba ziliingia, mbili zimelia, tatu ziko hapa. Mbili zimo.

Kacha. Ganda lenye moshi likaruka. Sasa bunduki ilikuwa na risasi kwelikweli, hatua mbili kutoka kifuani mwake, na kidole cha mtu yule kilikuwa kimejifunza kupinda. Kisu hakusogea. Angesogea wapi? Akamwaza mama akifua nguo mara tatu.

Kacha. Risasi nzima ikaanguka kwenye kiatu chake. Kacha. Nyingine. Risasi Moja aliufungua mtambo wazi, akamkabidhi bunduki, kitako mbele.

"Okota na hizo," akasema. Akaketi chini nyasini na shati lake safi.

Kisu aliziokota. "Ulisema makaburini, mbele ya watu. Utamwambia mama yangu, na dereva atasikia, kwa kuwa ndiye aliyetembeza lile la pupa."

"Leseni yangu, Kisu. Hata kazi yako imo humo."

"Kaka alilijua hilo. Ndiyo maana alinyamaza. Mimi si yeye." Akamwonyesha njia. "Tangulia, bwana."

Risasi Moja alitangulia. Kisu alifuata na bunduki tupu, akiutazama ule mgongo uliolowa jasho, na njia nzima hakuweza kujua kama mtu yule angelisema lile neno au angeligeuza mdomoni. Mgongo hausemi.

Alilisema. Alilisema uani, saa sita mchana, amesimama, dereva akiwa mlangoni na kofia kifuani. Alisema kwamba marehemu hakuwa na pupa, kwamba mwenye hofu alikuwa yeye, na kwamba bunduki ile hataishika tena. Alizungukazunguka mwanzoni, lakini alifika. Kisu aliweka risasi tano juu ya kopo. Dereva, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na methali.

Mama alizihesabu zile tano kwa kidole. Kisha akamwuliza mwindaji:

"Alipokuwa akikuokotea hayo maganda yako, alikuwa akifanya nini?"

Risasi Moja hakuelewa swali. Alifikiri.

"Alikuwa akipiga mluzi, mama."

Mama akatikisa kichwa polepole, akaliinua kopo, akalipakata mapajani kama mtoto.

"Basi," akasema.