Mtaro Uliofukiwa Mkavu

Bomba la maji halifukiwi kabla ya kupimwa. Hilo analijua hata fundi aliyeanza kazi juzi. Unalijaza maji, unapandisha presha, unashinda kutwa ukikagua kiungo kimoja kimoja, kinachovuja unakikaza, ndipo udongo unarudi. Mimi nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, na mtaro ule niliufukia mkavu.

Msimamizi wa mradi alikuja Jumatatu na barua mkononi. Mgeni rasmi angefika Ijumaa, na hakutakiwa kuona mtaro wazi. Nikamwambia pampu ya kupimia bado iko njiani, na nusu ya viungo tulivifunga mvua ikinyesha. Akanipiga bega akicheka.

"Fundi, funika kombe mwanaharamu apite. Tutapima baadaye."

Nilipaswa kukataa. Nikanung'unika tu, na kunung'unika hakujawahi kukaza nati. Tukafukia siku tatu mfululizo.

Aliyeniumiza roho ni mama. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kwenye laini, kule juu kilimani, na magoti yake yameshachoshwa na mteremko wa kisimani. Miezi minane ananiuliza neno moja kila nikipita kula: lini? Wiki ile nikamjibu Ijumaa, macho yangu kwenye sahani.

Ijumaa asubuhi boza likaja kujaza tangi dogo nyuma ya jukwaa. Mgeni rasmi akafungua koki, maji yakaruka, vigelegele vikapigwa. Nikaitwa mbele nikavikwa kilemba cha ukoka, eti fundi bingwa, nami nikatabasamu kama zuzu. Wageni walipoondoka tukafungulia laini yenyewe. Maji yaliingia kwa chini vizuri. Kule juu halikufika hata tone.

Nilipanda kwa mama. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya bomba lake, koki wazi, sufuria chini yake. Mapipa yake mawili ya maji hayakuwapo uani. Nikamuuliza yako wapi.

"Nimempa jirani. Si ulisema Ijumaa?"

Nikamweleza yote: barua, pampu, viungo, na kwamba maji yanapotelea mahali fulani chini ya kilomita tatu za udongo. Nikamlaani msimamizi, nikamlaani na mgeni wake. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Aliyefukia nani?"

"Mimi, mama."

Akaingia ndani, akatoka na jembe na ndoo. Jembe akaliweka miguuni pangu. Nikanyoosha mkono haraka kumpokea ndoo, nikamwambia kisimani nitakwenda mimi.

"Wewe chimba," akasema.

Nikavua fulana mpya ya mradi, nikaanza pale pale mlangoni pake. Kiungo cha kwanza kilikuwa kikavu. Nikasogea kwenye cha pili. Mama alikuwa ameshaanza kuteremka, mkono mmoja umeshika goti.