Tuta Linalolala Ubavu

Mpaka rangi wa Idara ya Barabara alikuwa amechuchumaa mbele ya shule ya msingi, akimalizia kivuko cha watembea kwa miguu, lori la mchanga lilipomkuta. Koni za kumkinga hazikuwapo. Zilikuwa zimeazimwa tangu Ijumaa kwenda kwenye harusi ya binti wa Mkubwa wa Idara, zikatenge nafasi za magari ya wageni. Wageni wote waliegesha vizuri.

Walimzika Jumanne. Alhamisi alikuwa ameshahamia barabarani.

Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyemtambua. Alikuwa akimpeleka binti yao shuleni, akaona lami imeinuka pale pale penye mstari ambao haukumalizika. Madereva waliona tuta, wakapunguza mwendo. Yeye aliona bega, kisha bonde la kiuno, kisha magoti yaliyokunjwa kidogo. Mumewe alilala ubavu hivyo miaka yote ya ndoa, akimaliza kitanda peke yake. Sasa alikuwa amerefuka kidogo, akamaliza na barabara.

"Umeanza kulala kazini," alimwambia, akaenda kutafuta ufagio.

Tangu hapo alimfagia kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani. Malori yaliyokuwa yakipita hapo yakikimbia kama yameiba kitu sasa yalipita kwa adabu, na watoto wakavuka wakipiga soga. Majirani hawakuona la kushangaza. Katika jimbo zima barabara ziliua watu kama kawaida, Idara ikasikitika kama kawaida, na kama marehemu mmoja ameamua kufanya kazi, kheri yake.

Shida ilikuwa uzito. Mchana kutwa malori yalimpanda na kumshuka, na bandu bandu huisha gogo. Begani palitokea ufa. Mjane akaenda Idarani kuomba tuta la kawaida, la kokoto na lami, ili mumewe arudi kaburini apumzike. Hakutaka kingine.

Injinia alimkaribisha kiti, akamweleza kwa upole kwamba Idara hujenga tuta mahali ambapo watu wanakufa. Pale shuleni hafi mtu.

"Hafi mtu kwa sababu yeye yupo," mjane alisema.

"Ndiyo maana nakwambia, mama, pale hapana tatizo."

"Na akiondoka?"

"Akiondoka, watu wakaanza kufa, wewe njoo. Tutalishughulikia haraka sana."

Ikafika Wiki ya Usalama Barabarani. Mkubwa alitaka kitu cha kuzindua, na Idara haikuwa imejenga chochote, kwa hiyo wakamchagua marehemu. Wapaka rangi wenzake walitumwa kumpaka mistari myeusi na myeupe. Walipofika begani walipitisha brashi taratibu.

"Utusamehe, shemeji," mmoja alimwambia mjane. "Tumeambiwa rangi mbili."

Safari hii koni zilikuja zote, zikapangwa kuzunguka gari la Mkubwa. Mkubwa alikata utepe. Alisema wafanyakazi wengi wakishakufa hawaonekani tena kazini, ila huyu ameonyesha mfano. Kwa moyo huo, alisema, mpango wa kujenga matuta hauhitajiki tena. Kila mtaa utajitegemea. Watu walipiga makofi walipoashiriwa wapige. Gari lake lilipopanda tuta, tuta likakohoa, na Mkubwa, kwa ustaarabu wake, akalipungia mkono.

Mjane hakupiga makofi. Alirudi nyumbani na hasira zake, akashona mkono wa shati kwenye shingo.

Mama mkwe alimkuta akifumua.

"Mwanangu amepasuka bega," alisema. "Mimi chumvi niliyokula inatosha. Siku nikiondoka, nitampokea zamu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nani mwingine atasema? Yule wa utepe?"

Hakuna aliyejua habari zilifikaje Idarani, lakini kesho yake asubuhi injinia alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya tuta lolote. Alimwamkia mama mkwe kwa heshima zote na kumpa pole ya mwanawe. Kisha akauliza kama huwa analala chali au ubavu.

"Ubavu," mama mkwe alisema. "Yeye alijifunza kwangu."

Injinia alifurahi kusikia hivyo. Futi ya ofisi ilikuwa imeazimwa, kwa hiyo aliomba ile iliyokuwa ikining'inia shingoni mwa fundi cherehani. Mjane aliivua akampa, kwa maana mama mkwe alikuwa ameshasimama, mgongo ukutani. Injinia alimpima kutoka kisigino hadi utosi, akatikisa kichwa kidogo.

"Bibi, unaweza kunyooka?"

"Nitanyooka."

"Basi hatuna haraka," alisema, akiikunja futi vizuri na kuirudisha kwa mwenyewe. "Ila mvua ziko karibu, na yule pale sidhani kama atamaliza msimu."

Kengele ya kwanza ya shule ikalia. Mjane alichukua ufagio, akaenda kumtoa mumewe mchanga begani kabla watoto hawajavuka.