Mtama Uliozunguka Mkomani

Hadia alikuwa mama wa bibi yangu, na haya yalitokea akiwa bado mdogo wa kukaa gotini kwa babake, hapa hapa Amu, ndiyo Lamu, kabla ya vita vya Mjerumani. Kila nikiyafikiria nasimama katikati ya mtaa naangalia juu kama mjinga.

Babake aliitwa Bwanamkuu. Alikuwa fundi wa kuchonga chokaa. Ukiingia zile nyumba kubwa za mtaa wa Mkomani ukaona ukuta mzima umejaa maua meupe na vidaka vya kuwekea vyombo, jua kuna mtu kama yeye alisimama pale na kisu, chokaa bado mbichi, hatakiwi kukosea hata kidogo. Halafu ikamshika homa. Homa si mchezo, watu walishaanza kuulizana sanda. Akapona, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia ukabaki unatetemeka. Haukutulia tena.

Tajiri aliyekuwa akimjengea akalitazama ua la kwanza alilochonga baada ya kupona.

"Bwanamkuu, hili ua au kaa?"

Watu wakacheka. Kesho yake akaletwa fundi mwingine.

Sasa skiza. Bwanamkuu na mamake Hadia, Umulkheir, walikuwa wameshaachana kabla ya homa, kwa wema tu, bila matusi. Mtoto alikaa kwa mama, kwenye nyumba ya Badawi, kaka yake Umulkheir. Na mbele ya kadhi Bwanamkuu aliahidi matumizi ya mtoto: pishi ya mtama, yaani vibaba vinne, kila Ijumaa, baada ya sala. Akishaleta, Hadia anatoka nje dakani, pale penye viti vya mawe mlangoni, anakaa na babake mpaka alasiri. Hiyo alasiri moja ndiyo ilikuwa dunia yake yote.

Badawi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa pishi.

"Mimi sikugombi," alimwambia. "Mgonjwa ni mgonjwa. Lakini mtoto hali homa. Ijumaa ukiya mikono mitupu, hapa usikae tena. Tutaonana kwa kadhi."

Bwanamkuu akauza kisu chake kizuri, akauza kanzu ya Idi, akabaki hana cha kuuza. Alhamisi moja akaenda kwa shangazi yake, Bi Radhiya, mwisho wa mtaa. Hakuomba. Alikaa tu. Bi Radhiya akaingia ndani, akatoka na mfuko wa ukili, wa majani ya mkindu yaliyosukwa, umejaa mtama.

"Chukua. Nimeletewa fungu langu la shamba."

"Nitakulipaje, shangazi?"

"Nimekuuliza?"

Ijumaa mtama ukapimwa. Badawi akaujaza kwenye pishi, akaukata kwa kiganja, akauingiza ndani. Hadia akatoka mbio, akauchukua ule mkono mgonjwa wa babake akauweka juu ya kichwa chake.

"Baba, nitikise!"

Kichwa kinatikisika, mtoto anacheka mpaka kwikwi. Kwake ule mkono haukuwa ugonjwa. Ulikuwa mchezo ambao watoto wengine hawana.

Basi ikawa hivyo. Alhamisi kwa shangazi, Ijumaa kwa Badawi. Miezi. Ila Badawi akaanza kununa.

"Mtama wako una wadudu, fukusi hawa."

Ijumaa nyingine: "Fukusi wamezidi. Anayekuuzia anakuibia."

Nyingine tena: "Bwanamkuu, hawa fukusi sasa nawajua kwa sura!"

Bwanamkuu anainamisha kichwa. Mtama wenyewe ni wa kupewa.

Ndipo mwenye nyumba mwingine, Bwana Husseini, akaanza kujenga dari ya nyumba yake mpya. Dari zetu za zamani ndizo paa zenyewe, bapa, za mawe na chokaa, na ile chokaa lazima ipigwe kwa fimbo, watu wengi pamoja, siku nyingi, mpaka ishikane iwe kama jiwe moja. Bwanamkuu akaenda kuuliza kazi huku mkono ameuficha nyuma.

"Utoe huo mkono," Husseini akamwambia. "Kupiga dari hakutaki mkono mzuri. Kunataka mkono tu. Na huo wako unapiga wenyewe!"

Watu wakacheka, na safari hii Bwanamkuu naye akacheka.

Sasa kuna adabu moja, na kila fundi wa Amu aliijua: mwanamume hapandi juu kimya. Dari zile ni za wanawake. Mchana hawashuki mtaani, wanatembeleana huko huko juu, dari kwa dari, na penye njia katikati wanavuka ndani ya wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya vichwa vya wapita njia. Kwa hiyo unapiga kelele kwanza, "Mafundi twapanda!", wajisitiri.

Alhamisi ile Bwanamkuu alifika mapema, peke yake, akiwa na aibu ya siku ya kwanza. Akapanda bila kupiga kelele.

Akatoa kichwa. Na akaona.

Umulkheir yuko juu ya dari ya Badawi, anampitishia jirani yake Mwanamkisi kikapu cha mtama juu ya ukuta.

"Mtama huu umezeeka kuliko mimi," Mwanamkisi anasema. "Si muupike!"

"Tukiupika, Ijumaa babake ataleta nini?"

"Na mtoto yuwala nini?"

"Yuwala kofia," Umulkheir akasema, akaonyesha vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. Alikuwa akishona kofia za kuuza.

Kikapu kikaenda. Mkono kwa mkono, dari kwa dari, wanawake ambao Bwanamkuu hakuwajua hata majina. Kikaingia ndani ya wikio. Na chini ya wikio, wallahi, wakati huo huo, anapita nani? Badawi! Anapita na tasbihi yake, anasalimia watu, na mtama unampita juu ya kichwa. Kikatokea upande wa pili, mpaka kwa Bi Radhiya, naye akaumimina kwenye ule mfuko wa ukili, anawapuliza fukusi na kuwatukana.

Ule ule mtama! Miezi yote ile! Unaingia kwa mlango wa chini unapimwa, unatokea juu, unazunguka mji, unarudi mikononi mwake. Bwanamkuu aliishi Mkomani maisha yake yote, alichonga kuta zake, na hakujua kuna Mkomani nyingine juu, yenye njia zake na siri zake, na kwamba huko alikuwa anabebwa.

Akashuka taratibu. Akafuta uso. Halafu akapiga kelele kwa sauti yake yote, "Mafundi twapanda!" Juu wakajisitiri. Akapanda, akapiga dari kutwa.

Ijumaa Bwanamkuu akapeleka mfuko wa shangazi kama kawaida; Badawi akatia mkono ndani yake, akatoa fukusi wengi kuliko mtama.

"Huu sipokei. Wape kuku. Na yeo nimechoka, twende kwa kadhi."

Bwanamkuu hakubisha. Akatoa kwapani mfuko mwingine: mtama wa ujira wa Husseini, aliomba alipwe mapema.

"Basi pima huu."

Mtama ukamiminika mwekundu, mpya, unalia ndani ya pishi. Badawi akatia mkono, akanusa, akatafuta fukusi. Hakuna.

"Umeupata wapi?"

"Nimepiga dari."

Juu ya vichwa vyao kikatoka kigelegele. Kimoja. Kikajibiwa dari ya pili, ya tatu, kikavuka wikio, kikaenda mpaka mwisho wa mtaa. Watu wakatoka msikitini wakiulizana.

"Nani aoa?" Badawi akashangaa.

"Siyui," Bwanamkuu akasema, na Hadia ameshamrukia: "Baba, nitikise!"

Hakumwambia mtu alichokiona juu, isipokuwa Hadia, siku alipoolewa. Lakini kuanzia Ijumaa ile, kila akipita chini ya wikio alivua viatu, akavishika mkononi, akavaa tena upande wa pili. Watu walisema ni ile homa.