Bastola ya Bibi Oleta na Bata wa Saruji

Ninayo heshima kubwa, na unyenyekevu unaolingana nayo, kuutangazia umma kwamba kiangazi kilichopita nilihudumu kama Mshauri Mkuu wa Kamati ya Bastola ya Bibi Oleta Stidham, mjane, miaka themanini na mmoja, mkazi wa Kaunti ya Harlow, Kentucky. Nilihudumu bila malipo. Sikukosa kikao hata kimoja. Nilizungumza kwa ufasaha nilioupata katika shule ya bweni ambayo wazazi wangu wanailipia ili nikae mbali na nyumbani.

Kabla umma haujaanza kupiga makofi, niseme pia kwamba mtu ambaye bastola hiyo ilikuwa inatafutwa ili apigwe nayo ni mimi.

Bibi Oleta, mama yake mama yangu, ana bata bukini wa saruji anayesimama barazani kando ya mlango. Kwetu nusu ya vikongwe wanaye. Bata huyu ana kimo cha mtoto wa miaka miwili, uzito wa mbuzi, na nguo nyingi kuliko mimi: koti la mvua la njano, gauni la Pasaka, ndevu za pamba za Krismasi, na fulana ya buluu ya siku za kawaida. Hiyo buluu ina maana yake. Ni rangi ya timu ya kikapu ya chuo chetu. Nyekundu ni rangi ya wale wengine, wa mjini, na katika kaunti yetu uchumba umewahi kuvunjika kwa sababu ya soksi. Bibi hula nyanya zikiwa bado kijani. Watu wengi wa kwetu hufanya hivyo, lakini yeye ana sababu ya ziada.

Basi wiki ya kwanza ya likizo yangu kwa Bibi, alfajiri moja, nilimvalisha bata fulana nyekundu.

Nilikaa jikoni kungoja kicheko. Hakikuja. Bibi alifungua mlango, akatazama, akaufunga, akaketi chini. Mimi nikadhani hakuelewa. Mzaha usipochekewa, mtu mwenye akili huacha. Mimi niliurudia, safari hii kwa fulana nyingine na kofia nyekundu. Kisha mara ya tatu, na skafu.

Baada ya ile ya tatu nilimkuta Bibi amesukuma kabati la droo hadi nyuma ya mlango, peke yake, na mikono yake yenye baridi yabisi. Alikuwa ameacha kulala chumbani. Alikuwa analala kwenye kiti, kifimbo cha kusukumia unga mapajani. Alimpigia simu mwanawe, Mjomba Delbert, na nikamsikia akimwambia kwa utulivu wa kutisha kwamba mtu anayeweza kumvalisha bata wake nyekundu hawezi kushindwa kumchinja mwanamke mzima.

Hapo ndipo ningesema. Najua. Lakini Mama alikuwa ameshaapa kwamba nikifanya kituko kimoja zaidi mwaka ule, kiangazi chote nitakimaliza nikikwangua sakafu za mabanda ya kuku ya Mjomba Delbert, na Mjomba Delbert ana kuku elfu kadhaa wasio na aibu. Nikanyamaza. Niliamua kuacha tu mchezo, mambo yapoe yenyewe.

Hayakupoa. Mjomba Delbert, ambaye ana bastola nyingi kuliko suruali, alisubiri siku hiyo maisha yake yote. Alifika kabla chai haijapoa, akatangaza kwamba mama yake atapata silaha, na kwamba familia itaichagua kwa makini. Ndipo nilipokumbuka kwamba ninalala nyumba hiyohiyo, kwamba njia ya kwenda chooni inapita mbele ya kile kiti, na kwamba Bibi bila miwani hawezi kunitofautisha na friji. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema. Niliomba kuingia kwenye kamati papo hapo.

Jumapili, Mchungaji Coy alisoma maombi ya wiki: wagonjwa wawili, paa la kanisa, na bastola ya Dada Oleta. Ibada ilipokwisha, wanaume walitoka kwenda kwenye magari yao kama waliosikia king'ora, wakarudi kwenye ukumbi wa chakula na walichonacho. Ni watu waungwana. Kila silaha ilitolewa risasi, ikakaguliwa mara mbili, ikaelekezwa ukutani, ndipo sala ya chakula ikaombwa. Tulikula kuku wa kukaanga na saladi ya viazi huku tukipitishiana bastola na chumvi. Mtu akikuomba ile nyeusi, ilibidi uulize kama ni rivolva au bakuli la maharage.

Kanisa likagawanyika. Upande wa dirisha walitaka rivolva, kwa kuwa silinda yake ya risasi haina ujanja: unabonyeza, inalia. Upande wa jikoni walitaka ya magazini, kwa kuwa rivolva ni kwa watu waliokata tamaa. Mzee mmoja aliyekuwa hajazungumza na shemeji yake tangu mazishi fulani alivuka ukumbi kwenda kumkosoa. Mjomba Delbert aliweka mbele ya Bibi bastola yake ya Magnamu, chuma kirefu kama paipu ya maji. Bibi aliinyanyua kwa mikono miwili, ikamshinda, akaitua katikati ya jeli ya kijani yenye karoti. Jeli ilitetemeka muda mrefu.

Wakati huohuo mvamizi alikuwa anakua. Asubuhi nilikuwa "mtu fulani". Kufikia keki nilikuwa na futi sita, ndevu, na kisu, na kuna dada mmoja aliyekuwa amenisikia nikikohoa.

Nikaomba nafasi ya kusema. Shuleni tunafundishwa mdahalo, na nilitumia yote niliyofundishwa. Nilieleza kwamba mtu anayeingia barazani, asiibe hata chungu cha maua, akamkinga bata na baridi, bila shaka ana malezi. Nilipendekeza mbwa. Nilipendekeza taa. Hatimaye nilipendekeza filimbi.

"Filimbi?" Mjomba Delbert aliweka uma chini. "Jambazi anakuja na kisu, mama yangu anampigia filimbi. Halafu? Ampe faulo?"

Kanisa lote lilicheka, hata upande wa rivolva. Hoja ya filimbi ilianguka.

Jumatatu tulikwenda kwa Bi. Maxine Fugate, ambaye duka lake linauza bunduki, chambo cha samaki na magauni ya harusi, kwa maelezo kwamba wateja ni walewale. Bi. Maxine hakumwonyesha Bibi bastola yoyote. Alimpa mtungi wa matango ya siki, akamwomba aufungue. Alisema mwenye kushindwa na mtungi atashindwa pia kuvuta kile kifuniko cha juu cha bastola ya magazini, na hakuna haja ya kumwuzia mtu chuma cha kukunia kichwa. Bibi alishindwa. Mjomba Delbert akauchukua kwa dharau kidogo, naye akashindwa, akasema mtungi umeharibika.

Niliona mwanga. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na rivolva kuukuu yenye kifyatulio kigumu kiasi kwamba Bi. Maxine alikuwa akiitumia kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Niliipigania. Nilisema ina heshima, ina historia, inalingana na umri wa Bibi. Nilitokwa na machozi kidogo. Bibi aliijaribu kwa vidole viwili, kisha vinne, kisha akaniuliza kama nina ugomvi naye.

Bi. Maxine alikuwa amekwisha kupotelea nyuma ya magauni. Alirudi na kitu kidogo kilichozidi kipande cha sabuni kwa urefu tu. Alibonyeza kitufe ubavuni na mtutu ukainuka wenyewe kwa nyuma, kama kifuniko cha kopo la biskuti. Unaweka risasi kwa vidole, unashusha mtutu, basi. Hakuna kuvuta. Risasi ni ndogo, alisema, lakini haimpigi teke anayefyatua, na risasi ndogo inayompata mtu ni bora kuliko kubwa inayompata ng'ombe wa jirani. Mjomba Delbert alisema hiyo ni bastola ya kutishia mende. Mimi, kwa mara ya kwanza, nilimuunga mkono kwa moyo wote.

Nyuma ya duka kuna uwanja wa kulengea. Walimvalisha Bibi vizibo vya masikio na miwani mikubwa, wakamtundikia karatasi yenye umbo la mtu, jeusi kama kivuli. Mimi nilisimama nyuma ya kila mtu. Mikono ile haikuweza kufungua mtungi, lakini ilikuwa imefunga majani ya tumbaku kwa miaka hamsini, na haikutetemeka hata kidogo. Alipomaliza, Bi. Maxine aliileta karatasi. Kifua cha yule bwana kilikuwa kama kichujio cha chai. Mjomba Delbert alivua kofia.

Bibi alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile fulana. Nilipiga makofi kwa mikono miaminifu na moyo usio mwaminifu hata kidogo, maana alikuwa anauliza kama ipo ya buluu.

Ununuzi ulifuatwa na huduma ya bure: Bi. Maxine huja nyumbani kumwonyesha mteja mahali pa kuketi, na kuangalia nyuma ya shabaha kuna nini. Alikuja Jumanne mchana. Bastola yenyewe aliiacha ndani ya sanduku lake, kwenye gari, kwa sababu mazoezi hufanywa bila silaha. Bibi alipewa mwiko. Aliketi kwenye kiti chake, mwiko umeelekea barazani kupitia dirisha, na Bi. Maxine akasema sasa anahitaji jambazi.

Mjomba Delbert alijitolea. Alipewa fulana ya buluu, kwa kuwa nyekundu zote tatu Bibi alikuwa amezichoma, akaambiwa afanye kama mvamizi alivyofanya: anyemelee, amvalishe bata, akimbie. Alinyemelea vizuri. Kisha akaanza kumvalisha kwa kichwa. Mdomo wa bata ukanasa kwenye kola. Alivuta. Alimkumbatia bata, akamzunguka, akamwomba radhi. Kola ikachanika. Ndani, mwiko ulikuwa ukifanya kazi yake.

"Pa," alisema Bibi. "Pa. Delbert, mwanangu, nimekuua mara nne na bado hujapita shingo."

Bi. Maxine alikunja uso. Alisema kwa mwendo huo hata kipofu angempata, kwa hiyo mvamizi lazima awe mwepesi zaidi, na mazoezi ya aina hii hayana faida. Aligeuka akanitazama. "Rowena, wewe una mikono myepesi. Hebu tuonyeshe."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kukwama kwa hiari kama Mjomba. Lakini nilikuwa nimesimama pale nikimtazama mtu mzima akiharibu kazi ninayoijua, na kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyavumilia. Nilimnyang'anya fulana. Nilimwinamisha bata kwa goti, nikaipitisha fulana chini ya mkia, nikaipandisha hadi mabegani, nikafunga vifungo kwa nyuma, nikageuza upande uliochanika ndani usionekane, nikampiga bata kidogo kichwani kama kawaida yangu, na nilipogeuka kuinamia watazamaji, Bibi alikuwa bado hajamaliza kusema "pa".

Hakuna aliyepiga makofi.

Mjomba Delbert alikuwa ameshika kipande cha kola. Alimtazama bata, akanitazama mimi, akamtazama bata tena. Bi. Maxine alianza kutafuta funguo za gari lake. Dirishani, mwiko haukushuka. Uliinuka kidogo, ukatulia usawa wa kifua changu.

"Rowena."

"Naam, Bibi."

"Kuanzia mkiani umefundishwa na nani?"

Nilisema shuleni.

"Wana somo la bata," alisema Mjomba Delbert polepole, kama anayejumlisha ada.

"Mimi huyu bata ninaye miaka kumi na tisa," Bibi alisema. "Niliharibu magauni mawili kabla sijajua kwamba unaanzia mkiani. Sijamwambia mtu. Hata marehemu babu yako sikumwambia."

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Ulikuwa na mwalimu ndani yake, na ziara ya makumbusho. Lakini nyuma ya bega la Bibi niliona kabati la droo, bado karibu na mlango, na mikwaruzo miwili mirefu sakafuni mahali alipolisukuma, ikisimama na kuanza, ikisimama na kuanza, kwa jinsi alivyokuwa akipumzika. Uongo ukanikauka mdomoni.

"Ni mimi, Bibi. Zote tatu."

"Na kofia?"

"Na kofia. Nilitaka ucheke."

"Fulana ulizinunua kwa pesa gani?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko Magnamu. Nikamwambia ni zile alizonitumia siku yangu ya kuzaliwa.

Alivuta pumzi. Alimwagiza Bi. Maxine airudishe bastola dukani ikangoje jambazi mwingine. Alimwambia Mjomba Delbert alirudishe kabati chumbani, na akimaliza aangalie kama lile koleo la mabanda ya kuku lina mpini mzima. Mimi sikuambiwa kitu. Nilibaki barazani mikono juu, maana mwiko ulikuwa bado unanitazama, na ukimya ule ulinishinda. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba, kwa kuwa tumeshaanza, yule samaki aliyekutwa ndani ya kipaza sauti cha Mchungaji Coy likizo ya Pasaka hakujiingiza mwenyewe.

"Naam," alisema Bibi, akijiweka vizuri kitini. "Endelea."

"Na honi ya gari la Mjomba."

Kabati lilisimama katikati ya sebule. "Nililipa mafundi wawili," ilisema sauti nyuma yake.

Nikaomba radhi, nikaomba pia maji ya kunywa, nikaendelea.